UZI: Gari la otomatiki linadondosha oili nyekundu? Kagua paipu za kupozea kabla hujakubali gia boksi ishushwe

Spana Kumi na Nne:

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu walioona oili nyekundu chini ya gari, wakaenda kwa fundi wakaambiwa gia boksi imekwisha, watafute nyingine. Mimi nipo gereji. Gia boksi nyingi zinazotufikia zikiwa zimeungua zilianza na tone kwenye mpira wa paipu ya kupozea oili. Mpira na klipu zake! Mwenye gari aliambiwa "endelea tu, ongezea oili", akaendelea hadi klachi za ndani zikaungua. Hili linaniuma, ndiyo maana naandika kwa urefu. Vumilieni.

Oili ya gia boksi ya otomatiki, hiyo tunayoiita ATF au haidroliki, hailainishi vyuma tu. Presha yake ndiyo inayobana vibao vya klachi vishike gia, ndiyo inayobeba nguvu ya injini ndani ya toki konveta (kile chombo cha duara kati ya injini na gia boksi), na ndiyo inayotoa joto nje. Pampu inaisukuma ikiwa ya moto, inapita paipu moja hadi kwenye kipozeo, inarudi kwa paipu ya pili. Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha huku, kipozeo hicho kimefichwa ndani ya rejeta, kimezungukwa na maji. Paipu zenyewe ni za chuma kwa sehemu kubwa, ila mwishoni huwekwa vipande vya mpira kwa sababu injini inatikisika na rejeta imefungwa kwenye bodi.

Kwa hiyo pa kuvujia ni pachache: mpira uliokauka na kupasuka, klipu iliyolegea, chuma kilicholiwa na kutu, nati ya maungio pale paipu inapoingia kwenye gia boksi, na kipozeo chenyewe ndani ya rejeta. Hicho cha mwisho nitakieleza peke yake, maana ndicho kinachoua kimyakimya.

Ukiona tone, usikimbilie kusema ni gia boksi. Gari nyingi zenye usukani wa haidroliki hutumia ATF hiyohiyo nyekundu kwenye usukani. Halafu kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini) ya Toyota nayo ni nyekundu au ya waridi. Chukua glasi ya maji, dondoshea tone lako. ATF itaelea juu kama mafuta yoyote, kulanti itayeyuka na kupaka maji rangi. Kipimo hiki hakina gharama, na kimeokoa watu wengi wasibadilishiwe kitu kizima.

Tako la Nyani 240G:

Mkuu, umenigusa. Harrier yangu inaacha alama upande wa mbele kushoto, na fundi ameshaniambia ni sili (mpira wa kuzuia oili isitoke) ya mbele ya gia boksi, hivyo lazima ishushwe. Nitajuaje kama ni sili au ni hizo paipu?

Spana Kumi na Nne:

Mkuu, usishushe kitu bado.

Osha chini kwanza. Toa kava ya plastiki chini ya injini, mwagia sabuni ya injini au dizeli kidogo, sugua, suuza, kausha kwa upepo wa kompresa. Gari likiwa chafu, oili ya zamani inadanganya, maana upepo wa safarini huisukuma nyuma na unakuta sampo (beseni la oili chini ya gia boksi) imelowa wakati tundu liko mbele kwenye rejeta. Nimeona sampo zikifunguliwa na kubadilishwa gasketi kwa sababu hiyo tu.

Likishakuwa safi, tandika boksi la karatasi chini. Washa, liache lipate moto, kanyaga breki, pitisha lever P, R, N, D taratibu, urudi P. Mtu mwingine aangalie na tochi bila kuingia chini ya gari, kwa sababu lipo kwenye gia. Paipu ya kupozea huvuja injini ikiwaka, kwani pampu ndiyo inayoleta presha. Ukizima, inapungua au inaacha kabisa. Sili na gasketi za chini huendelea kudondosha hata gari likiwa limelala usiku kucha, na hata huzidi, kwa sababu oili iliyokuwa juu ndani ya toki konveta inashuka kwenye sampo na kupandisha usawa wake.

Kwa hiyo kama boksi ni kavu asubuhi lakini linalowa ukishawasha, anza na paipu.

Baada ya hapo fuata unyevu kutoka chini kwenda juu. Pahali pa juu kabisa palipolowa ndipo pa kuanzia. Pitisha kidole nyuma ya klipu, maana mpira hupasuka upande usioonekana. Ukiuminya ukasikia unakatika kama ganda la mti mkavu, huo umekwisha hata kama bado hauvuji.

Binti wa Tanga:

Shukrani kaka kwa elimu. Naomba kuuliza, mimi niliambiwa klipu zikazwe tu, na zikakazwa kweli. Imekaa wiki chache, imerudi kuvuja palepale. Je, ni uzembe wa fundi?

Spana Kumi na Nne:

Dada, pengine fundi alikuwa na nia njema. Mpira uliokauka hauponi kwa kukazwa. Klipu ya skrubu ikikazwa sana juu ya mpira mkavu inaukata, na safari ijayo tundu linakuwa kubwa zaidi. Badilisha mpira mzima pamoja na klipu. Zile klipu za springi zinazotoka kiwandani ni nzuri kwa sababu zinafuata mpira unapotanuka kwa joto na kusinyaa ukipoa, ila zikizeeka zinapoteza nguvu. Kama unaweka za skrubu, tafuta zile ambazo bendi yake haina matundu upande wa ndani. Zenye matundu humega mpira.

Sasa mpira gani? Hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa. Dukani ukisema "nipe hosi ya oili" utapewa ya petroli, au ya maji, au ile inayong'aa ya kompresa. Hosi ya maji ikikutana na ATF inavimba na kulainika, kisha inachomoka. Ya petroli inaweza kukaa kwa muda, lakini nyingi hazikutengenezwa kwa joto hili la kila siku. Omba hosi ya kipozeo cha oili ya gia boksi, na usome maandishi ubavuni: yenye alama SAE J1532 ndiyo yenyewe. Kipimo cha ndani kilingane na paipu yako. Usinunue pana ukitegemea klipu ibane.

Kariakoo na Gerezani zipo ukitafuta kwa subira, na Nairobi waende Kirinyaga Road. Kama huipati kabisa, nenda kwa wale wanaobana hosi za mashine za haidroliki, mweleze ni oili ya gia boksi na joto lake, akubanie yenye maungio yake. Hiyo inadumu.

Mwana wa Likoni:

Salaam ndugu zangu wa bara. Huku kwetu Mombasa shida kubwa si mpira, ni chuma. Chumvi ya bahari inakula paipu, hasa pale inaposhikwa na kile kibano cha bodi chenye mpira ndani. Unatoa kibano, unakuta chini yake paipu imeliwa imebaki kama karatasi. Jirani yangu alichomelewa kwa gesi, ikapasuka pembeni ya kichomeleo.

Spana Kumi na Nne:

Umesema kweli tupu, na si pwani tu. Gari nyingi tunazonunua zimetumika Japani, na zile zilizotoka mikoa ya theluji kama Hokkaido zimepita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Juu zinang'aa, chini zina kutu. Ukinunua gari kutoka huko, ingia chini na tochi kabla ya kuangalia redio.

Kuchomelea sikupendi, kwa sababu ulizozieleza. Chuma kilichooza hakiishii pale kilipotoboka. Ukipiga moto pale, kilicho pembeni kinabaki chembamba na sasa kimepikwa. Na ole wake anayechomelea paipu ikiwa bado kwenye gari na oili ndani.

Ukipata paipu nzima, mpya au iliyotumika lakini nzuri, weka hiyo. Ukiikosa, kata kipande kibovu hadi kwenye chuma kizima, kisha unganisha kwa hosi ile niliyoitaja. Lakini mwisho wa paipu uliokatwa lazima utengenezewe mwinuko kwa kifaa cha kutanulia paipu za breki. Paipu laini isiyo na mwinuko itaachia hosi siku utakapopanda mlima na mzigo. Hosi hiyo isipite karibu na ekzosi, na isiguse kitu kinachozunguka. ATF ikidondokea ekzosi ya moto inaweza kuwaka, hili tulichukulie kwa uzito.

Paipu ya shaba tupu kama ya friji watu wanaipenda kwa sababu inakunjika kirahisi. Mimi siiweki. Mtikisiko unaichosha na inapasuka kwenye kona. Na gundi za chuma, zile za kukandwa mkononi, ni za kukufikisha kwa fundi, hazitengenezi.

Mlima Kitonga:

Mkuu, mimi napiga safari za Iringa na Mbeya na Noah, abiria na mizigo. Kuna fundi alinishauri aziunganishe paipu mbili kwa hosi moja pale kwenye gia boksi, yaani oili isiende rejeta kabisa. Amesema uvujaji utaisha na gia boksi haitajua tofauti. Nimesita.

Spana Kumi na Nne:

Umefanya vema kusita, tena sana!

Uvujaji utaisha, ndiyo. Lakini toki konveta inatengeneza joto kubwa unapopanda taratibu na uzito, kama hapo Kitonga. Bila kipozeo joto hilo halina pa kwenda. Oili inaungua, inageuka kahawia na kunuka moto, sili zinakauka, klachi zinaanza kuteleza. Kuunganisha hivyo kunafaa kutoa gari porini hadi gereji ya karibu, mwendo mdogo, bila mzigo. Kuishi nayo, hapana.

Kama rejeta yako ndiyo mbovu na nyingine hujaipata, funga kipozeo cha nje cha upepo mbele ya rejeta. Kinauzwa na vishikizo vyake. Kwa kazi yako ya milimani hata rejeta ikiwa nzima ningekushauri ukiongeze, kikae baada ya rejeta kabla oili haijarudi kwenye gia boksi.

Sasa nieleze ile ya ndani ya rejeta. Kipozeo kikitoboka, hutaona tone chini. ATF na kulanti vinachanganyika. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, angalia na chupa ya akiba. Ukikuta utando wa waridi mzito unaofanana na maziwa ya stroberi, au kijiti cha kupimia oili ya gia boksi kikitoka na rangi hiyo, zima gari hapohapo. Usijaribu "kufika nyumbani". Maji yanapenya kwenye karatasi ngumu inayobandikwa juu ya vibao vya klachi na kuibandua kutoka kwenye chuma. Hata ukibadilisha oili baadaye, gia boksi iliyotembea na maji mara nyingi haiponi bila kufunguliwa.

Tatizo hili linajulikana sana kwenye Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za mwaka 2005 hadi 2010, hadi kesi zikafunguliwa Marekani na muda wa waranti ya rejeta ukaongezwa. Mwenye gari la umri huo lenye rejeta yake ya kwanza, badilisha kabla haijatoboka. Rejeta ni nafuu kuliko gia boksi, hata ukinunua ya bei ya juu.

Tako la Nyani 240G:

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimeosha, nimetandika boksi. Asubuhi kavu. Nimewasha, dakika chache tu tone likaanza, linatoka kwenye mpira wa chini pale rejeta. Nimefurahi kupita maelezo. Sasa naomba hatua za kubadilisha, nataka kufanya mwenyewe na mdogo wangu.

Spana Kumi na Nne:

Hongera mkuu. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja.

Gari lipoe. Inua mbele kwa jeki, weka stendi mbili imara, tia kabari magurudumu ya nyuma. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Safisha eneo lote tena, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye paipu unaenda moja kwa moja kwenye mwili wa valvu (sehemu yenye vijia vinavyogawa presha ya oili ndani ya gia boksi). Weka beseni safi chini, na oili yote itakayomwagika ihifadhi, utaipima ili ujue cha kurudisha.

Rudisha klipu nyuma kwa koleo. Mpira usiuvute kwanza, uzungushe kidogo ili uachie. Ukigoma, upasue kwa urefu na wembe kwa uangalifu, uumenye. Usitumie bisibisi kuuchokonoa wala kuuvuta kwa nguvu, kwa sababu kinywa cha rejeta kikipinda tu, kipozeo cha ndani kinaweza kuvuja, na hapo umejinunulia rejeta. Ziba vinywa viwili mara moja.

Futa paipu, iangalie. Kutu nyepesi isugue kwa msasa laini ukizungusha kufuata mviringo wa paipu. Ukisugua kwa urefu, mikwaruzo inakuwa mifereji na oili itapita humo chini ya mpira. Kata hosi mpya kwa kisu kikali iwe wima, urefu uleule wa zamani. Vaa klipu kwanza, paka ATF kidogo ndani, sukuma hadi ivuke mwinuko vizuri. Klipu ikae nyuma ya mwinuko, isikae juu yake, wala isiwe ukingoni mwa mpira. Badilisha na mwenzake wa pili, na ile miwili ya upande wa gia boksi kama ipo. Ni ya umri mmoja.

Kama utafungua nati ya maungio, tumia spana ya paipu za breki, na spana ya pili ishike maungio yasizunguke, la sivyo utakunja paipu. Wosha za kubonyea na oringi zisirudishwe, weka mpya.

Mzee wa Kisekka:

Hapa Kampala naona hosi inabadilishwa vizuri kabisa, halafu inajazwa oili yoyote nyekundu. Tafadhali wasisitizie vijana hilo.

Spana Kumi na Nne:

Asante mzee wangu, nilikuwa naelekea huko.

Rangi si kipimo. Toyota Type T-IV na WS zote nyekundu lakini haziingiliani. CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) ina oili yake, kwa mfano X-Trail T31 ya CVT hutumia NS-2, ukiitilia ATF ya kawaida unaiharibu. Soma kilichochongwa kwenye kijiti cha kupimia au kwenye bolti ya kujazia, au kitabu cha gari. Usipokee neno la muuza duka peke yake.

Mkuu wa Harrier, kama gia boksi yako ina kijiti: rudisha kiasi kilichomwagika, endesha hadi ipate joto la safari, simama pa usawa, injini ikiwaka, mguu kwenye breki, pitisha lever nafasi zote, rudi P, ndipo upime. Oili ikae kwenye alama za HOT. Alama za COOL ni za kuangalizia tu. Injini ikiwa imezimwa kipimo kitakudanganya. Honda wao ni kinyume, unapasha joto, unazima, unapima palepale. Usijaze kupita kiasi pia, kwa sababu oili ikifikia gia zinazozunguka inatoka povu, na povu halina presha.

Gari zisizo na kijiti, kama nyingi za WS, hupimwa kwa bolti ya chini oili ikiwa na joto maalumu, kwa modeli nyingi kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi, ikisomwa na mashine. Hiyo mpeleke fundi mwenye mashine. Zipo pia gari ambazo kipozeo kimefungwa juu ya gia boksi yenyewe, zinazofika hapo ni paipu za maji tu, kwa hiyo usihangaike kutafuta paipu za oili kwenye rejeta.

Binti wa Tanga:

Kaka, swali la mwisho. Ikipasuka barabarani oili ikaisha, gari livutwe kwa kamba?

Spana Kumi na Nne:

Hapana dada. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, gia boksi inazunguka kavu. Gari ambalo injini huzungusha magurudumu ya mbele libebwe mbele juu, la magurudumu ya nyuma libebwe nyuma, la magurudumu yote manne lipande gari la mizigo. Dalili ukiwa unaendesha ni gia kuchelewa kushika, injini kupanda mlio bila gari kusogea, au harufu ya kuungua. Ukiona mojawapo, simama pembeni, zima, angalia chini.

Tako la Nyani 240G:

Imekamilika wakuu. Mipira minne mipya, oili imekaa kwenye HOT, boksi kavu injini ikiwaka. Fundi wa mwanzo nimempigia, nimemwambia gia boksi haishuki.

Spana Kumi na Nne:

Safi sana mkuu. Endesha siku chache za kawaida, kisha rudi chini na tochi, pitisha kidole kwenye klipu zote nane, na upime oili tena ikiwa na joto. Mpira mpya hujikalisha baada ya kupata moto mara kadhaa, klipu ya skrubu inaweza kuhitaji robo mzunguko, basi. Ile oili chafu usiimwage mtaroni, itie kwenye dumu uwape wanaokusanya oili chakavu.